Kokoto Chini ya Ulimi

Jumanne moja ya Julai, mwaka wa hamsini na moja, Ndunge mke wa Mbuvi aliamka akiwa mzima. Aliamka mzima kila asubuhi, na hilo ndilo lililowafanya watu wamcheke. Alichota maji, akapika uji, akamfunga binti yake Mbula kitambaa cha kichwa, akazoa majivu ya jana na kuyamwaga nyuma ya nyumba, na muda wote huo kinywa chake kilikuwa kama chako na changu. Ungemwona saa hiyo ungesema huyu mama anatafuta tu kuhurumiwa. Saa nne hivi, ncha ya ulimi ikaanza kumchonyota. Kufika adhuhuri ulimi, midomo na kaakaa vilikuwa vinawaka, na mate yamegeuka ladha ya chuma. Saa kumi alasiri, usimsemeshe.

Mambo hayo yalikuwa na mwaka mmoja na nusu sasa, na laini nzima, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, huko mashariki ya Thika, ilikuwa na maoni yake. Wapo waliosema ni minyoo. Wapo waliosema amelogwa na mke mwenza. Mbuvi hakuwa na mke wa pili, lakini mtu akishaamua kutaja uchawi hazuiwi na kitu kidogo kama hicho. Hospitalini walimng'oa meno mawili, yote mazima. Wakampaka dawa ya zambarau mdomoni, akakaa wiki mbili akiongea na watu huku amefunika mdomo kwa mkono. Mganga mmoja akamchanja chale mashavuni. Daktari Mzungu akammulika kwa tochi, akasema hakuna kitu, aende nyumbani akafanye kazi. Mbuvi, mtu mpole wa kwenye mashine ya kuchakata mkonge, alisikiliza hayo yote, akarudi na mkewe, akamtekea maji ya mtungi. Yalisaidia kwa muda wa kuyameza tu.

Mtu mmoja ndiye aliyekataa kumcheka. Aliitwa Ephantus, dresa, mfunga vidonda wa dispensari ya shamba, mwenyeji wa Ruiru, aliyekuwa amebeba majeruhi Burma wakati wa vita na kurudi na kikohozi na tabia ya kusikiliza. Alimwona Ndunge kila Jumanne. Kila mara alianza kwa kumwambia afungue kinywa, akakagua juu, chini na pembeni, kisha akaandika kwenye kadi yake maneno yale yale: ulimi safi, hauna kidonda, hauna kovu.

"Mama Mbula," alimwambia siku ya kwanza, "kinywa chako ni kizima. Na maumivu yako ni ya kweli. Usikubali mtu akwambie ni lazima uchague moja."

Ndunge alilia siku hiyo. Alikuwa hajalia tangu meno yale yang'olewe.

Badala ya vidonge, Ephantus alimpa kazi. Achukue kamba ya mkonge kila asubuhi, na kila saa ikipita apige fundo. Moto ukiwa mdogo, fundo dogo. Moto ukiwa mkali, fundo kubwa. Siku moja, kamba moja. Laini ilimwona Ndunge akifunga mafundo, ikasema sasa amerukwa kabisa na akili.

Jumanne hiyo alipeleka kamba saba. Ephantus alizilaza kwenye benchi nyuma ya dispensari, moja kando ya nyingine, akazipitishia kidole polepole. Kamba sita zilikuwa na fundo kubwa mahali pamoja, saa kumi. Kamba ya saba ilikuwa na mafundo madogo madogo hadi mwisho.

"Siku hii kulikuwa na nini?"

"Ijumaa hiyo? Hakukuwa na kitu. Nilifua. Nilipalilia."

"Na siku hizi zingine, saa kumi, huwa kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naketi. Ndila anakuja, tunaongea, anaenda."

"Ijumaa Ndila alikuja?"

"Alikuwa amekwenda kwao Machakos." Akasita. Ulimi ulikuwa umeshika moto ghafla, ukapanda hadi masikioni, na ilikuwa bado ni saa tano asubuhi. Aliweka kiganja mdomoni.

Ephantus aliona. Aliziviringisha zile kamba moja moja, akamrudishia.

"Ndila huja kutafuta nini kwako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Moto," Ndunge alisema. "Huja kuomba moto."

Na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Laini ile, mtu akirudi kutoka kukata mkonge akute jiko limezima, hapotezi njiti ya kiberiti. Anachukua kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, anakwenda kwa jirani mwenye moto, anapewa makaa mawili matatu, anarudi nayo. Miezi ya upepo kuna sharti moja ambalo hata mtoto alilijua: makaa yafunikwe kwa kigae cha pili. Nyumba zilikuwa za nyasi. Januari ya mwaka wa hamsini ilikuwa na upepo wa kupeperusha kuku.

Alasiri moja ya Januari hiyo, wanawake watatu walichukua moto jikoni kwa mke wa nyapara. Wa kwanza alikuwa ajuza mmoja wa mwisho wa laini. Wa pili alikuwa Wakonyo, Mkikuyu mjane, mtu wa maneno machache. Wa tatu alikuwa Ndunge. Ndunge alikuwa na kigae mkono mmoja na Mbula mgongoni, Mbula alikuwa na homa, na mkono wa pili ulikuwa ukimshika asiteleze. Hakufunika. Alipopita nyuma ya nyumba ya rafiki yake Ndila upepo ulimgeuza, na alipofika kwake akahesabu makaa mawili ambapo alipewa matatu. Alitoka kutazama. Nyasi za paa la Ndila zilikuwa tayari zinaimba kwa moto.

Ndila alikuwa mtoni. Ndani alikuwa amelala Mulei, mwanawe wa kwanza, miezi tisa.

Ndunge alipiga mayowe kuliko wote. Alibeba maji kuliko wote. Alimshika Ndila kiunoni asijitupe ndani, wakaanguka pamoja kwenye vumbi, na nywele za Ndila zilinuka moshi puani mwake. Angesema saa hiyo. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini watu walikuwa wengi, Mbula alikuwa analia, na neno lilikaa pale pale nyuma ya meno.

Serikali ilikuwa imekataza kulamba kisu cha moto ili kumtafuta mwenye kosa. Kanisa pia lilikuwa limekataza. Siku ya tano mzee Ndambuki aliitwa na kisu chake. Wale wanawake watatu waliketishwa nyuma ya zizi, mchana kweupe, na kisu kikawekwa ndani ya makaa mpaka kikawa chekundu hadi mpini. Kila mmoja aseme, kama ni mimi, kinile, kisha alambe mara mbili. Asiye na hatia hatadhurika. Mwenye hatia ulimi wake utashika.

Ndunge alikuwa amechunga mbuzi utotoni, kule Ukambani kwenye kiangazi. Watoto wa kuchunga hujua namna ya kushinda kiu: unaweka kokoto chini ya ulimi, na mate yanajaa kinywani siku nzima. Asubuhi ile aliokota moja, jeupe, lenye mstari mwekundu katikati. Zamu yake ilipofika kinywa kilikuwa kimejaa mate. Alisema maneno. Alilamba mara mbili. Kisu kilifanya chss, chss, na ulimi ukatoka mzima.

Ajuza alilamba kama anayelamba mwiko, akaondoka zake. Wakonyo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikuwa hana kosa, na alikuwa anaogopa sana, na kinywa chake kilikuwa kikavu kama gunia. Ulimi wake ulishika kwenye kisu. Ilibidi Ndambuki auvute.

Wakonyo hakulia. Alifungasha vyombo vyake siku hiyo hiyo akashika njia ya Ruiru, na watoto wakamrushia mavumbi. Ndunge alikwenda mtoni akatema lile kokoto kwenye maji yenye kina. Kesho yake, saa kumi alasiri, Ndila alikuja kwake kwa mara ya kwanza na vigae viwili mkononi. Tangu mtoto aungue, Ndila hakuwasha moto tena kwa mkono wake. Alisema hawezi. Alikuja kila siku kumwomba rafiki yake, akaketi, wakaongea, kisha akapokea makaa na kuyafunika kwa uangalifu, pole pole, mbele ya macho ya Ndunge.

Kesho yake hiyo ndiyo siku ulimi ulipoanza kuwaka.

Ndunge hakumwambia Ephantus hata nusu ya haya. Na Ephantus hakumlazimisha.

"Burma tulikuwa na kijana wa simu," alisema akitazama mikono yake. "Mkono wa kulia ulikufa. Hauna jeraha, hauna mfupa uliovunjika. Hauinuki. Daktari wetu hakumchoma sindano. Alikaa naye kila jioni akamsikiliza. Siku aliyosema kijana ni ujumbe gani alioshindwa kupeleka, na nani walikufa kwa sababu hiyo, mkono uliinuka ukashika kikombe."

"Kwa hivyo nikwambie wewe?"

"Mimi utanieleza upate nafuu ya siku moja. Mwambie mwenyewe, yule uliyemkosea."

Ndunge alirudi nyumbani na maneno hayo. Mwambie mwenyewe. Alijua vizuri ni nani. Lakini binadamu akiwa na milango miwili hujaribu kwanza ule usiogopesha sana, naye akajiambia kwamba aliyedhulumiwa ni Wakonyo. Wakonyo ndiye aliyeungua, Wakonyo ndiye aliyefukuzwa. Ndila hamjui mwenye kosa, na kujua kutamrudishia nini? Jumamosi alimwambia Mbuvi anakwenda kuona dawa Ruiru, akapanda treni ya asubuhi.

Ruiru ilikuwa na ukungu. Aliuliza, akaonyeshwa, akatembea kati ya miti ya kahawa yenye umande hadi kwenye kibanda cha peke yake ukingoni mwa shamba. Saa sita ilikuwa imefika na kinywa kilikuwa jiko. Wakonyo alikuwa ameketi mlangoni anachagua mtama. Hakuonyesha kushangaa.

"Karibu, mama wa Mbula," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. "Nimekungoja sana."

Alimwingiza ndani. Sufuria ya uji ilikuwa jikoni ikitokota, mapovu yanapasuka juu. Wakonyo alichota kwa kata, akaipeleka mdomoni, akanywa. Hakupuliza. Hakungoja. Uji ulioanguka kwenye kidole chake ulimfanya akivute kidole haraka, lakini mdomo uliendelea kunywa. Ndunge alisahau moto wake mwenyewe.

"Husikii?"

"Sijasikia kitu tangu siku ile." Wakonyo aliweka kata chini. "Si moto. Si baridi. Si chumvi, si sukari. Hata siku kisu kiliponishika sikusikia. Watu walidhani mimi ni jasiri." Akafungua kinywa. Katikati ya ulimi kulikuwa na kovu jeupe, bapa, lenye umbo la ncha ya kisu. Akakifunga. "Nimeungua na sikuumia. Nimekuwa nikijiuliza, uchungu wangu alipewa nani?"

Ndunge alipiga magoti kwenye vumbi la sakafu akasema yote. Kigae. Upepo. Makaa matatu, kisha mawili. Kokoto. Alisema kwa kunong'ona, na kila alichokisema kilitoka na joto lake, mpaka lilipotoka la mwisho akahisi kinywani mwake kitu alichokuwa amekisahau kabisa saa kama hiyo ya mchana. Hakuna kitu. Mate tu, ya kawaida.

Akaanza kulia kwa furaha. Wakonyo hakulia.

"Umeniambia mimi nilichokijua," alisema. "Mimi nilijua si mimi. Asiyejua ni mwenye mtoto. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Wakonyo alimwangalia kwa muda mrefu. "Kitu hiki kimetoka kwako," alisema, "lakini kwangu hakijaingia. Sisikii bado. Kwa hivyo kiko njiani, mama wa Mbula. Usichelewe."

Kwenye treni Ndunge alinunua muwa dirishani akautafuna hadi Thika. Utamu ulimshtua. Alikuwa na njaa ya mwaka mmoja na nusu, akala kama mwenye mimba. Jumapili ilipofika alisema Jumatatu. Jumatatu saa kumi Ndila alikuja na vigae vyake, na kwa mara ya kwanza Ndunge aliweza kuongea naye bila kuuma meno. Alimtania juu ya buibui aliyekuwa kwenye kilemba chake. Ndila alicheka. Hakuwa amecheka tangu Januari ile. Sasa utamwambiaje mtu anayecheka? Ndunge aliweka makaa kwenye kigae cha rafiki yake, akajiambia kwamba jambo limekwisha, limesemwa, kinywa ni shahidi. Jumanne hakwenda hata kwa Ephantus. Mgonjwa aliyepona ana kazi gani hospitalini?

Jumatano alikuwa shambani akipalilia maharagwe. Alirudi saa kumi kasoro.

Nyumba ilikuwa wazi. Mbula alikuwa ameketi sakafuni kando ya mtungi, amelala kifua juu ya ukingo wake, ulimi umening'inia ndani ya maji.

"Mbula?"

Mtoto aligeuka. Mashavu yalikuwa na machozi yaliyokauka. Mdomo ulikuwa umefumba kitu.

"Mwaitu," alisema kwa shida, akimwita mama kama Wakamba waitavyo, "ulimi wangu unaungua."

"Umekula nini? Pilipili? Nani alikupa pilipili?"

"Sijakula. Asubuhi ulikuwa mzima. Saa hizi unaungua. Unanuka kama jembe."

Ndunge alimwinua. Alimwambia fungua. Mtoto alifungua kinywa, na ulimi ulikuwa mwekundu mzuri, safi, hauna kidonda, hauna kovu. Chini ya ulimi kulikuwa na kitu.

"Toa."

Mbula alitema kwenye kiganja cha mama yake. Kokoto jeupe. Mstari mwekundu katikati.

"Umelitoa wapi?"

"Lilikuwa ndani ya mtungi, chini. Ukilinyonya linapoza kidogo."

Maji yale Ndunge alikuwa ameyateka mwenyewe asubuhi, kwenye mto ule ule. Mawe huzunguka mtoni. Alijiambia hivyo. Mawe huzunguka. Lakini kokoto lilikuwa limetoka kwenye maji ya mtungi, na kiganjani lilikuwa na joto. Lilikuwa linazidi. Alitaka kulitupa, na vidole vikakataa kufunguka.

"Mwaitu, linaongezeka."

"Nyamaza, mama. Nyamaza."

"Mwaitu, limefika masikioni."

Mlangoni kivuli kikaingia.

"Hodi, Mama Mbula," alisema Ndila. Vigae viwili vilikuwa mkononi mwake, kimoja juu ya kingine. "Nipe moto."

Ndunge alimwangalia rafiki yake. Alimwangalia mtoto. Mbula alikuwa ameanza kujikuna ulimi kwa kucha, kama anayejaribu kuutoa.

"Mama Mulei," Ndunge alisema.

Ndila akaduwaa. Hakuna aliyemwita hivyo tangu mazishi. Watu walirudi kumwita Ndila, kama msichana, kwa sababu hawakujua wafanye nini na jina la mtoto.

"Umeniitaje?"

"Mama Mulei. Ni mimi. Sikufunika makaa."

Alisema, na kitu bapa, cha moto, kikalala juu ya ulimi wake. Hakikuwa kama ule moto wa siku zote, wa kuchonyota na kupanda. Hiki kilikuwa na uzito. Kilikuwa na makali upande mmoja. Aliendelea. Mbula alikuwa mgongoni. Upepo ulinigeuza. Nilihesabu mawili. Kikafanya chss. Niliona paa lako linashika na nikasema nitasema, sikusema. Harufu ya nyama ikajaa puani. Niliweka hili kokoto chini ya ulimi siku ya kisu. Wakonyo hakufanya kitu. Wakonyo hakufanya kitu kabisa. Alisema mpaka mwisho ingawa ulimi ulikuwa umeganda kwenye kitu kisichoonekana, na neno la mwisho ilibidi aliburute.

Kisha kikaondoka.

"Mwaitu," alisema Mbula, akijishika mdomo kwa mshangao. "Kumetulia."

Ndila alikuwa bado amesimama mlangoni. Aliinama akaweka vigae vyake sakafuni, taratibu, kama vingeweza kuamsha mtu. Alisogea, akanyoosha mkono.

"Nipe hilo jiwe."

Vidole vya Ndunge vikafunguka. Ndila alilichukua kokoto, akalitazama mbele na nyuma, kisha akaliweka kinywani mwake. Alifumba macho. Ndunge alingoja asikie mayowe.

"Ni baridi," alisema Ndila. Macho yalifunguka, yamejaa machozi. "Kila siku nimekuja hapa. Kila siku, Ndunge. Nilikuwa nakuja kwa sababu nyumba yako ndiyo mahali pekee ambapo sikuogopa moto."

Ndunge alijaribu kumshika mguu. Ndila aliuvuta, akatoka. Hakubeba makaa, na vigae aliviacha pale pale sakafuni.

Jumapili Ndunge alisimama mbele ya laini yote, Mbuvi kando yake ameinamisha kichwa, akarudia kila neno. Hakupigwa. Wengine walitaka apigwe, nyapara akakataa. Jina la Wakonyo likasafishwa, na mzee Ndambuki akazika kisu chake, au alisema amekizika. Ndila alirudi kwao Machakos Jumatatu asubuhi akiwa na mzigo mmoja, na hakuaga nyumba hata moja. Mbula alipona kabisa, akala, akacheza, akasahau kama watoto wasahauvyo. Ila wanawake wa laini, jiko likizima, walipita mlango wa Ndunge wakaenda mbali zaidi. Hakuna aliyekuja tena kumwomba moto.

Jumanne alikwenda kwa Ephantus, bila kamba. Alimkuta nyuma ya dispensari, birika la chai limetoka jikoni sasa hivi, mvuke unapanda. Alimwambia yote, kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Ephantus alimmiminia chai kwenye kikombe cha bati, akakishika kwa leso akamsogezea, akamwambia angoje ipoe.

"Jumapili nilikuwa nyumbani Ruiru," alisema akitafuta kadi yake kwenye rundo. "Kuna kioja huko. Yule Wakonyo wako wa mashamba ya kahawa alikuwa anakunywa uji, akapiga kelele, akaumwaga wote. Uji ulikuwa umemuunguza. Majirani walimkuta analia na kucheka, anatembea nyumba kwa nyumba anaomba sukari aionje. Nilimmulika mwenyewe. Ulimi wake ni mzuri kama wa mtoto."

Alipoinua macho kutoka kwenye kadi, kikombe cha Ndunge kilikuwa kitupu. Alikuwa amekunywa chai yote kwa mkupuo mmoja. Midomo yake ilikuwa imevimba tayari, inaanza kutoka malengelenge.

"Ilikuwa ya moto?" Ndunge aliuliza.

Ephantus alichukua tochi. Alimwambia afungue kinywa. Alitazama, akazima tochi, akaiwasha tena, akatazama.

Kisha aliketi na kadi ile magotini. Mistari kumi na moja, yote ya mkono wake, yote inasema ulimi safi, hauna kidonda, hauna kovu. Wa mwisho ulikuwa na wiki mbili. Alishika kalamu kwa muda mrefu, halafu chini yake akaandika alichokiona: kovu la kuungua, bapa, katikati ya ulimi, limepona, la mwaka mmoja au zaidi.